Naomba kumjua Evelyn Cameron, mpiga picha wa Montana (nina bati la negativu za bibi yangu hapa Tanga)

binti_wa_lenzi (Ngamiani)

Assalam aleikum, wakubwa shikamooni, wenzangu habari za leo. Mi ni mpiga picha hapa Tanga, nina kachumba changu Ngamiani, asubuhi napiga za pasipoti na za vitambulisho, wikiendi nakimbizana na harusi kuanzia Makorora mpaka Raskazone, mwaka wa sita huu. Nna swali ila naomba nianzie mbali kidogo manake bila kueleza hamtanielewa.

Bibi yangu mzaa mama alifariki mwaka jana, Mungu amrehemu. Tulipokuwa tunatoa vitu chumbani kwake nikakuta chini ya kitanda bati la biskuti, yale ya mraba ya zamani, limefungwa kwa kamba ya mkonge. Nikajua ni vifungo na nyuzi maana bibi alikuwa mshonaji. Kufungua, negativu, zile filamu za kuchapia picha. Sio kumi wala ishirini jamani ni bati zima, za mraba, za nyeusi na nyeupe, nyingi zimezungushiwa karatasi ya daftari na juu yake kwa penseli kaandika barabara ya ngapi na nyumba ya nani. Ndo nikaelewa kitu nilichokuwa nasikia utotoni kama hadithi tu, kwamba bibi alikuwa anaitwa majumbani kupiga picha mabibi harusi, sababu zamani mwanaume wa kando haingii ndani anakopambwa mwali, watu wa studio walikuwa wanaume, sasa nani apige? Akaitwa bibi. Babu alikuwa kibarua wa bandarini, alimnunulia kamera kwa baharia, ile ya kuangalia kwa juu unainamisha kichwa kama unachungulia kisima, na kusafisha picha alijifundisha mwenyewe usiku jikoni watoto wakishalala, mama anakumbuka walikuwa wanakatazwa kufungua mlango.

Sasa wajomba wanasema zichomwe. Mmoja anasema ni takataka, huyo simsikilizi. Mwingine anasema hizi ni picha za wake za watu ndani ya nyumba zao, wengine vichwa wazi, si vizuri kukaa nazo. Huyu wa pili ananipa mawazo kweli maana ana hoja.

Mwezi uliopita nilikwenda Dar kwenye mafunzo, mwalimu akaonyesha picha ya mwanamke wa kizungu kasimama wima juu ya mgongo wa farasi, sketi ndefu, kofia, farasi katulia kabisa na nyuma ni nyika tupu mpaka mwisho wa macho. Akasema huyu Evelyn Cameron, mpiga picha wa Montana huko Marekani, na kazi zake zilikaa miaka hamsini chini ya nyumba ya mtu bila watu kujua. Akapita akaingia kwenye mambo ya lenzi, mi nikabaki palepale na mawazo yangu yako chini ya kitanda cha bibi. Nani anamjua vizuri huyu mama? Aliishije, na hasa aliyezitunza alikuwa nani wake?

mzee_wa_reli

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba, na pole sana kwa kufiwa na bibi. Mi nimefanya kazi reli mpaka nastaafu na historia ya miji iliyozaliwa na reli ndo ugonjwa wangu, na huyo mama aliishi kwenye mji wa aina hiyo, kwahiyo acha nikupe ninayoyajua.

Alizaliwa tarehe 26 Agosti 1868 kusini mwa London, jina lake la kwao Evelyn Jephson Flower, familia yenye uwezo mkubwa, nyumba ya watumishi. Akaolewa na Mskochi mmoja Ewen Cameron, mtu wa kupenda ndege, nazungumzia ndege wa porini, kuwatazama na kuwaandika. Mwaka 1889 wakaenda mashariki ya Montana kuwinda, ndo ilikuwa fungate yao. Wakapapenda wakaamua kuhamia. Mwaka huohuo 1889 ndo Montana ilikubaliwa kuwa jimbo kamili la Marekani, kwahiyo waliingia mahali ambapo serikali yenyewe ni changa. Mji wa karibu yao unaitwa Terry, uko kando ya mto Yellowstone, na ni reli ya Northern Pacific iliyouleta mwanzoni mwa miaka ya 1880. Ukitaka kupata picha yake fikiria Tanga yetu wakati Wajerumani wanaanza kutandika reli 1893, mpaka 1896 imefika Muheza tu, Moshi haikufika mpaka 1911. Kituo, duka, vumbi, na watu kutoka kila pembe wanashuka na masanduku yao.

Mpango wao ulikuwa kufuga farasi wa mchezo wa polo wawasafirishe kuuza Uingereza. Biashara ile ilikufa. Farasi wa kule wakali, safari ndefu, hela ikakatika. Na hapo ndo maisha ya Evelyn yalipobadilika, manake mume alikuwa mtu wa ndege zake na makala zake na afya pia haikuwa ya kutegemewa, kazi zote zikamwangukia mke. Mtoto wa kitajiri aliyelelewa na wapishi akawa anakamua ng'ombe, anakanda mikate, anapasua kuni, anachimba makaa, analima mboga na kupakia kwenye gari la farasi kwenda kuwauzia wachunga ng'ombe kambini, na akachukua wapangaji wa kula na kulala ili hela iingie. Baridi ya kule inashuka mpaka nyuzi 40 chini ya sifuri, mwanangu, maji yanagandia ndani ya ndoo ukiwa umelala.

Sasa 1894 akaagiza kamera kwa posta. Hebu shika huo mwaka. Mwaka mmoja kabla yake, 1893, ndo Mjerumani mmoja, Hindorf, alileta miche ya mkonge huku kwetu kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, na hiyo 62 ndo ikaujenga mkoa huu. Kila nikikumbuka miaka hiyo miwili naona hivyohivyo, kifurushi kimoja kimefika kwa meli na kingine kwa treni.

Alianza kwa hela, wala si sanaa, tusimpambe. Alikuwa anatoza senti 25 picha moja, anapakia kamera na stendi kwenye farasi anakwenda mwenyewe nyumba kwa nyumba, na nyumba yenyewe iko mbali huko maili kwa maili. Alipiga harusi, watoto, wakata manyoya ya kondoo, vibarua wa reli, wahamiaji wa Kijerumani na Kirusi mbele ya vibanda vyao vya kwanza ili wapeleke picha nyumbani kuonyesha kwamba tumefika na tuna mlango.

Na kuhusu farasi. Enzi hizo mwanamke wa heshima anakaa upande, miguu yote miwili sehemu moja. Evelyn akajiagizia sketi iliyopasuliwa kati akapanda mguu huku mguu huku kama wanaume, akaenda hivyo mpaka mji wa Miles City, zaidi ya kilometa 60, na alipofika akaonywa asipite nayo barabarani anaweza kukamatwa. Kukamatwa kwa sketi. Aliendelea kuivaa na miaka ya baadaye wanawake wa kule wakawa wanapanda hivyo wote.

Kitu cha mwisho halafu niwaachie wengine. Kila siku aliandika shajara, kuanzia 1893 mpaka anakufa 1928, vitabu 35. Ameamka saa ngapi, hali ya hewa, mikate mingapi, kapiga nani, sahani zipi za kioo za kupigia picha zimeharibika. Usiku wa manane kachoka kama punda na bado anaandika. Na ndo maana leo tunaweza kumzungumza, picha peke yake isingetuambia kwamba yule mama aliyepiga ile picha nzuri ya harusi alikuwa ameamka alfajiri kukamua kwanza. Zile karatasi za penseli za bibi yako mwanangu ndo shajara yake. Usizitenganishe na negativu zake hata kidogo.

fundi_chumba_cha_giza

Dada pole na msiba. Mi nilisafisha picha kwa mikono miaka kumi na tano kabla ya mashine kuingia na kabla ya simu kutumaliza, naomba niongee kama fundi.

Kwanza kuhusu huyo Evelyn watu wakielewa alikuwa anafanyaje watamheshimu mara mbili. Wakati anaanza alipigia sahani za kioo. Ni kipande cha kioo kilichopakwa jelatini yenye chumvi ya fedha, ikipigwa na mwanga kabla ya wakati imekufa. Unazipakia kwenye kasha lake gizani kwa kupapasa, unabeba kasha, stendi na sanduku la kamera kwenye farasi au mkokoteni kwenye mabonde, kioo hicho, farasi akishtuka tu biashara imekwisha. Ukifika unajifunika kitambaa cheusi kichwani, unamwona mtu wako amepinduka kichwa chini miguu juu, unapanga, unaingiza sahani, na hapo ndo humwoni tena mpaka umalize. Una labda sahani chache za siku hiyo. Sisi leo tunapiga picha mia tano kwenye harusi moja alafu tunachagua. Yeye alichagua kabla.

Kisha anarudi usiku anasafisha kwenye taa nyekundu, dawa ya kutoa picha, dawa ya kukazia, alafu kuosha kwa maji mengi, na maji yenyewe ni ya kuteka. Asipoosha vizuri picha inageuka njano baada ya miaka. Zake bado zinaonekana mpaka leo. Hilo pekee linaniambia alikuwa fundi wa kweli, manake mtu aliyechoka anaiba kwenye kuosha, sote tumeiba. Baadaye alipata Graflex, kamera kubwa lakini ya haraka, ndo akawa anaweza kupiga farasi anayeruka na ndege walio kwenye kiota. Alikuwa anapanda majabali mpaka kwenye viota vya tai kumpigia mumewe picha za makala zake, amebeba ile kamera.

Sasa la kwako. ZITOE KWENYE HILO BATI. Samahani kwa herufi kubwa lakini ndo muhimu kuliko yote. Filamu za miaka hiyo zikizeeka zinatoa hewa chachu, zikiwa kwenye bati lililofungwa ile hewa haitoki inazila zote kwa pamoja. Fungua unuse. Ukisikia harufu ya siki, zile zinazonuka zitenge na nzima leo leo, zisilale pamoja. Angalia ukingoni, kama imeandikwa SAFETY shukuru, haiwaki kirahisi. Kama ni za zamani zaidi na zimeandikwa NITRATE usiziweke ndani ya nyumba wanakolala watu, zile zinashika moto kama petroli.

Shika pembeni tu, vaa glavu za pamba. Usifute kwa kanga, usioshe kwa sabuni, nimeona mtu kaosha filamu ya baba yake na sabuni ya unga, jelatini yote ikabaki kwenye karai. Ziweke moja moja kwenye bahasha ya karatasi, sio mfuko wa nailoni, na Tanga yetu hii ya bahari unyevu wake unazaa ukungu, kwahiyo ziwe kwenye boksi la karatasi ngumu, juu ya kabati mbali na ukuta, na uweke vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Kuzigeuza za dijitali huhitaji mashine ya gharama. Nenda kwa wanaotengeneza mabango ya maduka, waombe kipande cha perspeksi, ile plastiki ngumu, nyeupe kama maziwa, weka taa ya LED chini yake, negativu juu, kamera yako kwenye stendi ikitazama chini na lenzi ya karibu, zima taa ya chumba, piga, alafu kwenye programu geuza nyeusi iwe nyeupe. Upande unaong'aa ukutazame wewe. Fanya kumi kumi, usijichoshe.

mwana_wa_pangani

Nawasalimu wote. Nitasema kitu na naomba nisieleweke vibaya, da' binti wa lenzi kazi ya bibi yako nimeipenda mpaka mwili umesisimka.

Ila tunapomsimulia huyu mama wa Montana tuseme yote. Ile nyika "tupu" nyuma ya farasi haikuwa tupu. Mwaka 1876, miaka kumi na tatu tu kabla hajafika na mumewe na bunduki za kuwindia, wenyeji wa kule, Walakota na Wacheyenne na Waarapaho, walimpiga Custer, kamanda wa jeshi la Marekani, huko kusini-magharibi yake, Little Bighorn, na baada ya ushindi ule waliandamwa mpaka wakafungiwa kwenye maeneo waliyotengewa. Nyati wao wakamalizwa mwanzoni mwa miaka ya 1880. Na huo mji wa Terry umepewa jina la Jenerali Alfred Terry, aliyekuwa mmoja wa makamanda wakuu wa ile kampeni ya jeshi ya 1876. Kwahiyo mtu anaposhuka kwenye treni anakuta ardhi ya bei rahisi, ardhi hiyo ina kilio chake.

Nalisema mimi mtu wa Pangani sababu mwaka huohuo wa 1889 wa fungate yao, mwezi wa Desemba, Wajerumani walimnyonga Abushiri bin Salim hapa kwetu. Alafu baada ya hapo nani alitupiga picha? Wao. Picha nyingi za pwani za enzi ile tunazoziona ni za jicho la mgeni, wabeba mizigo wamepangwa mstari, mwanamke kasimamishwa mbele ya ukuta hana jina. Unaiangalia unajua kabisa huyu mama hakuulizwa.

Ndo maana naona bati la bibi yako lina uzito hata kuliko hizo sahani za Evelyn, kwetu sisi lakini. Mule ndani mwanamke wa Tanga anamtazama mwanamke wa Tanga, na jina la nyumba limeandikwa.

mama_wawili_raskazone

Asanteni jamani, nimesoma yote nikiwa nasubiri watoto watoke madrasa. Mi nilisoma Montana miaka miwili, Bozeman, na likizo moja rafiki yangu wa kule alinipeleka Terry kwao, kwahiyo hayo nimeyaona kwa macho.

Mwana wa Pangani hujakosea hata neno, na kule wenyewe siku hizi wanalisema. Ila naomba niongeze upande mmoja, Evelyn alikuwa na tabia ya kuwapiga watu wakiwa kwenye kazi yao. Kuna akina dada wa Buckley, wanawake watatu wenye nywele nyekundu wanafunga ng'ombe na kufundisha farasi, amewapiga wakiwa kazini kabisa na kamba mkononi, hawajapewa ua washike. Na yeye mwenyewe kuna ile ya 1904 yuko jikoni kwake anakanda unga kwenye karai kubwa, mikono imezama, anaangalia kamera moja kwa moja. Nilisimama mbele ya picha hiyo muda mrefu sana. Nilikuwa nimezoea kuona picha za kizungu za zamani kila mtu kavaa vizuri kakaa, huyu anakuonyesha mikono ina unga.

Terry ni kadogo, watu hawafiki elfu moja, unapita kwa gari ukipiga chafya umeshatoka. Kaskazini ya mto kuna makorongo na vilima vimeliwa na mvua na upepo, rangi rangi, hakuna mti. Makumbusho yao yako kwenye jengo la zamani la benki na picha za Evelyn zina ukumbi wake. Nilimkuta mzee mmoja anamwonyesha mjukuu wake picha ya babu yake. Picha ilipigwa na Evelyn.

Sasa dada umeuliza aliyezitunza alikuwa nani wake. Jibu ni rafiki yake. Mume alifariki 1915 na watu walitegemea mke atarudi Uingereza kwao, hana mtoto pale, hana ndugu. Hakurudi. Aliendesha shamba peke yake na 1918 akachukua uraia wa Marekani. Desemba 1928 akaingia hospitali kwa upasuaji wa kidole tumbo, kitu cha kawaida, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 60.

Kila kitu kikabaki kwa Janet Williams, shoga yake wa miaka mingi, alikuwa jirani yake. Janet akaviweka chumba cha chini ya nyumba yake pale Terry, shajara, sahani za kioo, filamu, picha zilizochapwa. Negativu karibu 1,800. Sio kwamba alijua zina thamani ya hela, wakati ule hakuna aliyekuwa anazitaka. Alikaa nazo kama unavyokaa na vitu vya mtu wako. Miaka ikapita, vita ikapita, Janet akazeeka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mhariri mmoja wa vitabu kutoka New York, Donna Lucey, anatafuta habari za wanawake wapiga picha wa zamani wa nchi ile, akafika mpaka Terry, akamkuta Janet ni mkongwe kabisa lakini yupo hai. Janet akamfungulia kile chumba. Kitabu kilitoka 1990 na leo negativu na shajara ziko kwenye hifadhi ya historia ya jimbo, Helena, mji mkuu wa Montana.

Kwahiyo mdogo wangu ni mtu mmoja tu aliyekataa kutupa. Angekuwa na wajomba kama wako tusingekuwa tunaongea hapa.

Na kuhusu lile la sitara, mimi ni mwislamu na mama, nadhani usilidharau na wala usichome. Bibi yako kawaandikia nyumba. Zifuate hizo nyumba. Mwenye picha akiwepo, mpe picha yake na yeye ndo aseme ionwe na nani. Akiwa ameshatangulia, waulize mabinti zake. Ambayo haijapata mwenyewe ibaki kwenye bahasha, haihitaji kwenda mtandaoni ili iwe salama.

binti_wa_lenzi (Ngamiani)

Jamani sijui niwashukuru vipi. Nimechelewa kurudi, wiki tatu, ila sikukaa bure.

Fundi, negativu nimezitoa kwenye bati siku ileile. Kumi na nane zilikuwa zinanuka siki, nimezitenga, hizo ndo nilianza kuzipiga kabla hazijaondoka. Zote zimeandikwa SAFETY alhamdulillah. Perspeksi nimepata kwa jirani yangu wa mabango, amenipa kipande bure aliposikia ni za bibi. Mzee wa reli, kila bahasha nimeandika namba na karatasi ya penseli nimeiweka humohumo.

Mama wawili nimefuata ushauri wako neno kwa neno. Nikachukua moja ambayo penseli ilikuwa inasomeka vizuri, nikapanda baiskeli nikaenda hiyo barabara nikauliza. Nyumba ipo, ya mabati sasa zamani wanasema ilikuwa makuti, na mwenye picha yupo. Bibi wa miaka themanini na kitu, kakaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, nikajitambulisha mjukuu wa nani, akanishika mkono hakuniachia.

Nilikuwa nimemchapia moja ndogo. Kwenye picha yuko kitandani, hina mpaka kwenye vifundo, kikuba cha asumini, macho chini kama mwali anavyotakiwa. Sasa mi nilikuwa nimeona kitu kwenye negativu ambacho sikukielewa. Pembeni kulia, karibu na ukingo, kuna mkono wa mtoto umenyanyuka unashika kona ya shuka jeupe, na kidole kimoja kimefungwa kitambaa. Nikafikiri ni mtoto kaingia kwa bahati mbaya, na mazoea yangu ya kazi nilishamkata kwenye ile niliyochapa.

Bibi akaiangalia sana. Akaniuliza, na mdogo wangu yuko wapi? Nikamwambia kuna mkono tu nimeukata. Akasema bibi yako alimwambia ashike shuka, asitikisike, ili mwanga wa dirisha ugeuke unijie usoni, na alikuwa amejikata na kisu cha nazi asubuhi ile, analia na huku kashika. Mdogo wake alifariki akiwa msichana, hawana picha yake hata moja.

Nimekaa pale barazani nimeshindwa kuongea. Kwanza kwa huyo mtoto. Alafu kwa bibi yangu, sababu mimi hiyo ya kugeuza mwanga kwa kitambaa cheupe nimefundishwa Dar kwa kulipia, na yeye alikuwa anaifanya Ngamiani na shuka la kitanda, hakuna aliyemfundisha, na hakuwahi kunihadithia hata nilipomwambia nimenunua kamera. Aliniangalia tu akasema safi.

Mjomba wa pili nimempeleka kwa huyo bibi jana. Wameongea peke yao. Alipotoka kaniambia kwa zile bahasha nikihitaji kabati lenye kufuli atanunua yeye.

Nachapa upya leo usiku, mbili. Amesema anataka nzima, na mkono wote.